Kepher apata tanki jipya la boti, Fancy akiwa tayari kaburini

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, ukungu bado umelala juu ya bwawa, na Kepher Ouko amepiga magoti kwenye gati la mbao, pua yake ikiwa kwenye mdomo wa tanki la mafuta lisilo na mafuta.

Ananusa. Anawasha tochi ya simu na kumulika ndani, pembe moja baada ya nyingine. Kisha analiinua hadi kwenye sikio, analitikisa, anasikiliza. Hakuna kinachogonga humo. Tanki ni la plastiki, jekundu, na lina siku nne tu tangu liletwe. Siku zote hizo nne amelikagua namna hii kabla ya kulijaza.

"Hili najua ni safi," anasema bila kugeuka. "Lile lingine pia nilijua. Nilijua si safi."

Kepher, 52, ndiye mwendeshaji pekee wa boti katika shamba moja kubwa la chai upande wa Kimulot, mahali ambapo chai inakoma na msitu wa Mau unaanza. Boti yenyewe ni ndogo, ya futi kumi na nne, yenye injini ya nguvu za farasi kumi na tano iliyofungwa nyuma. Kazi yake ni kuondoa magogo na magugu yanayoelea kabla hayajaziba wavu wa chuma pale maji yanapoingia kwenye mtambo wa umeme wa kiwanda. Kazi ya pili, ambayo haimo kwenye barua yake ya ajira, ni kuwatoa watu majini.

Katika miaka tisa ametoa watu sita. Wanne walikuwa hai.

Alizaliwa Kendu Bay, kando ya ziwa, akaja Kericho akiwa kijana kuchuma chai kama walivyofanya wajomba zake. Alichuma kwa miaka kumi na minne. Mashine za kuchuma zilipoletwa na majina ya watakaobaki yakaanza kuchujwa, meneja aliwauliza wafanyakazi waliopangwa mbele ya ofisi ni nani anayejua kuogelea. Wenyeji walitazamana; kwao maji ni ya kunywa na kunyweshea ng'ombe. Kepher aliinua mkono. Hivyo ndivyo alivyopata boti, na hivyo ndivyo alivyobaki kazini wakati wenzake zaidi ya mia moja walifunga virago.

Mshahara wake leo ni shilingi 19,400 kwa mwezi. Mkewe, Syprose, huuza omena na nyanya kwenye kambi ya wafanyakazi. Binti yao, Beverly, yuko mwaka wa pili katika chuo cha ualimu. Kepher anayataja haya yote polepole, kwa mpangilio, kama mtu anayeeleza kwa nini alifanya jambo fulani. Anafika huko baadaye.

Tanki la zamani lilikuwa la chuma, na lilikuwa na umri mkubwa kuliko kazi yake. Hali ya hewa ya huku ndiyo iliyolimaliza. Usiku baridi inapoingia, tanki la chuma lililojaa nusu hutoa jasho kwa ndani, na jasho lile hushuka chini ya petroli na kukaa pale likila chuma. Mwezi wa Februari Kepher alifungua filta akakuta unga mwekundu kama ukoga wa chai. Aliiosha kwa petroli, akairudisha. Baada ya siku mbili unga ulikuwa umerudi.

Alikwenda kwa Isaiah, karani wa stoo, akaambiwa aandike. Akaandika. Karatasi ilirudi ikiwa na maneno manne kwa kalamu nyekundu: subiri bajeti ya Julai.

Kuanzia hapo alikuwa akiosha filta kila baada ya siku mbili. Hakumwambia mtu mwingine.

Alasiri moja ya Aprili, mvua ikiwa imenyesha wiki nzima, Fancy Chelang'at, mchuma chai mwenye umri wa miaka 26, alimaliza kupimiwa majani akateremka na mama yake, Tecla, kukata nyasi za ng'ombe ukingoni mwa bwawa. Wanawake wengi wa kambini hufanya hivyo. Nyasi za pale ni ndefu na hakuna anayewafukuza. Mama na binti walikuwa wameachana hatua kama arobaini wakati ukingo ulipomeguka chini ya Fancy, ukashuka naye.

Kepher alikuwa ng'ambo, mita mia tatu hivi, akifunga kamba. Alisikia kelele, akaona mtu mmoja ukingoni akikimbia huku na huku na mwingine majini. Akaruka ndani ya boti. Injini iliwaka kwa mvuto wa kwanza.

"Ningependa ingekataa pale pale," anasema. "Ningechukua kasia mara moja. Lakini iliwaka vizuri, ikaenda, nikaona nitafika."

Katikati ya bwawa injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Aliminya pampu ya mpira inayovuta mafuta kutoka kwenye tanki. Ilikuwa laini, haina kitu. Alivuta kamba ya kuwashia, akaminya tena, akavuta tena. Anakadiria alipoteza dakika mbili pale, kwa sababu mkono ulikuwa umezoea kwamba ukiminya mara nyingi huwa inakubali. Kisha akachukua kasia, moja tu, na kupiga maji kulia na kushoto, huku boti ikizunguka na mvua ikimpiga usoni.

Wakati huo wote aliweza kumwona Fancy. Baadaye hakumwona.

Alipofika, kulikuwa na nyasi zilizokatwa zikielea. Alizama mara tatu. Mara ya tatu alimshika mkono, karibu na ule wavu wa chuma. Alimpandisha, akamlaza botini, akambonyeza kifua mpaka vijana wa kiwandani walipofika na kumwambia aache. Tecla alikuwa amesimama ukingoni, mundu ungali mkononi. Hakulia wakati ule. Mwili ulipelekwa mochari Kapkatet, na Fancy akazikwa Jumamosi iliyofuata, nyuma ya nyumba ya mama yake, akiacha mtoto wa miaka mitatu.

Kamati ya usalama ya shamba iliketi kwa saa moja na kuandika kwamba ilikuwa ajali iliyosababishwa na mvua. Kuhusu injini iliandikwa kwamba ilipata hitilafu ya ghafla. Kepher aliulizwa kama hayo ni kweli, akasema ndiyo. Siku tatu baada ya mazishi, pesa za tanki jipya zilipitishwa. Haikungojwa Julai. Meneja alimwita akamwambia achague mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye anayejua.

Kuchagua tanki ni kazi ya siku moja. Kepher alitumia wiki mbili.

Alianzia Kapkatet kwa Weldon, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyemwambia lile la zamani linaweza kuoshwa, kujazwa maji ili lisilipuke, na kuzibwa vizuri kwa nusu ya bei. Kepher alilibeba akaondoka nalo. Alikwenda Silibwet, kwenye duka la pampu za kunyunyizia dawa, akaonyeshwa mtungi wa plastiki ambao mwenye duka alisema angeutoboa na kuufungia mpira wa kupitishia mafuta. Kepher aliuliza hewa itaingilia wapi mafuta yakivutwa. Tanki lisiloingiza hewa hujikunja, na injini hufa njaa huku mafuta yapo. Mwenye duka alisema angefungua kifuniko kidogo. Kepher alimshukuru akatoka.

Mjini Kericho hakupata kitu. Siku ya kumi na nne alipanda gari hadi Kisumu, kwa Nyanchama, mwanamke anayeuza vipuri vya boti karibu na soko la samaki, na huko akakaa kuanzia asubuhi hadi alasiri. Nyanchama alimpangia matatu sakafuni. La kwanza lilikuwa la chuma, lililotumika na kupakwa rangi upya, na bei yake ilikuwa nzuri. Kepher alitia kidole ndani, akakitoa, akakitazama kwenye mwanga, akalisukuma kando. La pili lilikuwa la plastiki, la lita ishirini na nne, na Nyanchama alilisifia kwamba angeweza kukaa wiki bila kujaza. Kepher alimweleza kwamba hiyo ndiyo shida yenyewe. Tanki kubwa hukaa nusu tupu, na nusu tupu huku kwao ni maji.

Alichagua la tatu: la plastiki, lita kumi na mbili, lenye kipimo cha mafuta juu, skrubu ya hewa kwenye kifuniko, na upana unaoingia chini ya kiti cha nyuma bila kusukumwa na miguu. Mpira wake ulikuwa na kichwa kinachoingia kwenye injini yake. Alikijaribu mara nyingi hadi Nyanchama akamuuliza kama kuna mtu alimuuzia kitu kibovu zamani.

"Nikamwambia hapana," anakumbuka. "Hakuna mtu aliniuzia. Nilikaa nacho tu."

Hapa ndipo anapofikia jambo alilokuwa akilielezea. Anasema kulikuwa na jambo moja ambalo angeweza kufanya tangu Februari, na halikuhitaji bajeti. Angeifunga boti kwa kufuli na kupeleka ufunguo ofisini. Lakini mwaka uliotangulia dereva wa trekta, Gekara, alikataa kuendesha trekta lenye breki mbovu. Likaegeshwa. Baada ya mwezi ikaonekana kazi inakwenda bila trekta lile, na bila Gekara.

"Niliogopa wataona boti haina maana," anasema. "Nikasema wacha ionekane inatembea. Siku moja kabla ya Fancy kuanguka nilikuwa nimeosha ile filta. Nilimwaga kutu hapa, kwa hizi mbao. Watu wananipa pole, wananiita kepteni, wanasema nilijaribu. Mimi ndiye najua."

Tangu siku ile hali chakula vizuri. Syprose anasema mumewe huamka alfajiri na kukaa kitandani akifungua na kufunga kiganja, kama mtu anayeminya kitu. Ameacha kwenda kanisani, kwa sababu Tecla husali hapo hapo, benchi la tatu.

Alipomweleza mwandishi huyu haya kwa mara ya kwanza, siku chache zilizopita, Kepher aliomba jambo moja: habari isichapishwe kabla hajakwenda kwa Tecla. Hakutaka mama yule asomewe na jirani.

Alikwenda Jumapili mchana, na Syprose. Tecla, mwenye miaka 55, aliwakaribisha chini ya varanda, akamtuma mjukuu wake kwa jirani, akawamiminia chai ya maziwa. Kepher hakuigusa. Alieleza yote, kuanzia unga mwekundu wa Februari, karatasi ya stoo, filta ya siku iliyotangulia, hadi jibu aliloipa kamati. Syprose, ambaye mengine alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza, aliinamisha kichwa.

Tecla alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza tanki lile jipya lilinunuliwa pesa ngapi.

Kepher alimwambia. Elfu kumi na nane na mia tano, pamoja na mpira wake.

Tecla alitazama shamba lake la chai, ekari moja isiyotimia.

"Baba Beverly, mngetuambia," akasema. "Sisi wote tunakata nyasi pale. Tungechanga."

Hakumfukuza, na hakumwambia amemsamehe. Alipoona chai imepoa aliimwaga nyasini, akaingia ndani, na Kepher na mkewe wakarudi kambini kwa miguu.

Asubuhi hii, baada ya kujaza tanki na kukaza skrubu ya hewa, Kepher anachukua kipande cha mbao alichokipaka rangi nyeusi jana na kukigongomea kwenye nguzo iliyo juu ya njia ya ukingoni, mahali wanawake wanapopita na miundu yao. Mpango wake ni kuandika hapo kwa chaki, kila siku kabla ya saa moja, kama boti inafanya kazi au haifanyi. Isipofanya, ataandika haifanyi, na watu wasikaribie maji.

Hajaomba ruhusa. Meneja akipita ataona, na huenda akauliza ni nani anayewatisha wafanyakazi. Kepher anasema atakuwa na jibu safari hii, ingawa hajui litamfikisha wapi, na ada ya Beverly ya muhula ujao haijapatikana.

"Wakinifukuza, wanifukuze," anasema. Anapangusa ubao kwa mkono wa koti, kwa maana umande umeulowesha na chaki haishiki. Anajaribu tena. Herufi za kwanza zinayeyuka na kuteremka. Anatoa leso mfukoni, anaukausha tena ubao, na kuanza upya, akibonyeza kwa nguvu zaidi.