Kiraka Kidevuni mwa Kinyozi

Mtaani walimwita Mkono Mwepesi, kwa kuwa wateja walisinzia akiwanyoa. Siku hizi hakusinzia mtu. Walimkodolea macho kidevuni, penye kiraka kisicho na unywele hata mmoja, laini kama shavu la mtoto mchanga.

Kiraka kilitokea baada ya chanjo ya kwanza ya homa ya mapafu iliyokuwa ikizunguka mjini. Kisha kingine, kisogoni. Daktari wa ngozi akamweleza kwamba kinga ya mwili wake inashambulia mashina ya nywele.

"Ugonjwa huu hauambukizi. Ulishakupata ujanani, ukaisha. Huenda chanjo imeuchokoza, huenda ulikuwa njiani, siwezi kukuapia. Hata homa yenyewe inaweza kuuchokoza."

Lakini mtaa ulishakata shauri: mapunye, yale yanayoambukizwa kwa mashine ya kinyozi. Naye akajipalia makaa mwenyewe. Kabla ya kila kichwa aliifuta mashine kwa spiriti, akarudia, akarudia tena, akiinyanyua juu ionekane. Mshona viatu wa jirani, mteja wake wa miaka, akainuka kitini kitambaa kikiwa bado shingoni.

"Fundi, zamani ulikuwa unapangusa mara moja. Unaficha nini?"

"Usafi tu, kaka."

"Usafi wa ghafla huo unanitisha."

Akaondoka na nywele zake.

Siku ya chanjo ya pili ikawadia. Nyumbani alikuwepo mama yake, mgonjwa wa kifua. Yeye alishachanjwa, ila mwili wake dhaifu haukujenga kinga ya kutosha. Mwanawe akiiingiza homa ndani, haimwachi.

"Usiende, mwanangu. Mimi nimeshakula chumvi nyingi. Kinyozi bila wateja ni nani?"

"Na kinyozi bila mama?"

"Yatima mwenye nusu ndevu."

Wakacheka. Kisha kicheko cha mama kikageuka kikohozi kisichotaka kukoma. Kinyozi akatazama mabega yale membamba yakipanda na kushuka, akachukua kofia yake.

Kwenye foleni ya zahanati, aliyekuwa mbele yake ni mshona viatu. Alipomwona kinyozi, akasogea pembeni.

"Si mapunye," kinyozi alisema. "Mwili wangu unagombana na nywele zake. Na sindano hii huenda ikaniongezea."

"Sasa umeifuata ya nini?"

"Mama yuko nyumbani na kifua chake."

Mshona viatu akajikuna kichwa kilichoota kichaka. Nesi akaita anayefuata, kisha anayefuata. Kinyozi akapandisha mkono wa shati, akageuzia uso ukutani, kama anavyowaambia watoto wanaoogopa mashine.