Vitufe Vyote Niliviita "Bonyeza Hapa"

Mimi ni mwongo, tena mwongo mwenye cheti ukutani. Wacha niseme mapema ndio usipoteze huruma yako bure.

Kazi yangu hapa Malaba ni kupima tovuti kabla watu hawajaanza kuzitumia. Naangalia kama mtu asiyeona au asiyesikia anaweza kuitumia kama wewe. Kwa asiyeona, unawasha ile sauti ya simu inayosoma kilicho kwa skrini, unafunga macho, unajaribu mwenyewe. Haichukui hata nusu siku, lakini mvivu kama mimi aliona ni mateso.

Mwaka jana chama fulani cha wafanyabiashara wa mpakani kilinipa tovuti yao niipime na nirekebishe vitu vidogo vidogo. Soko jipya lilikuwa linafunguliwa Busia, na kila aliyetaka kibanda ilibidi aombe kwa hiyo tovuti. Karatasi hawapokei. Mkubwa wao akaniandikia orodha ndefu ya mambo ya kujaribu.

Orodha! Niliicheka. "Kwani kipofu anatafuta nini kwa mtandao?" Hayo ni maneno yangu, niliyasema na chapati mdomoni, na wenzangu wakacheka. Wajinga watupu, na mimi ndiye kiongozi wao.

Nikachukua programu ya kukagua, ile inakupa alama. Ikaleta nyekundu: vitufe havina majina. Vilikuwa vimechorwa tu, mshale wa kutuma, pipa la taka la kufuta. Anayeona anaelewa. Simu inayosoma haijui mchoro, inataka jina.

Sasa sikiza upuzi. Badala ya kuandika "tuma" kwa cha kutuma na "futa" kwa cha kufuta, niliandika "Bonyeza hapa" kwa vyote. Programu ikaona kila kitufe kina jina, ikaleta kijani. Nikaandika kwa ripoti kwamba nimejaribu kila kitu macho nikiwa nimefunga. Nikaweka sahihi.

"Umejaribu kweli?" mkubwa aliniuliza kwa simu.

"Nimejaribu, boss. Iko sawa kabisa."

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa, tena kwa maandishi, na bado sikutazama!

Sasa shangazi yangu. Ni dada ya baba, ndiye alinilea kijijini Mundika baada ya mama kufariki. Alikuwa anauza omena, wale dagaa wa ziwani kutoka Sio Port, pale Busia, mahali pale pale tangu nikiwa mtoto. Macho yalimwishia polepole mpaka yakaisha kabisa, lakini omena anazipima kwa mkono na gorogoro, ule mkebe wa kupimia, na hakuna mtu amewahi kumpunja. Waganda walikuwa wanavuka asubuhi wakimtafuta yeye.

Na simu yake inaongea! Ilikuwa inanikera. Mezani nilikuwa namwambia, "Shangazi, zima huyo kasuku tule." Ndio, mimi huyu. Nyumbani nina mtu asiyeona, ananiwekea ugali, halafu kazini nauliza kipofu anatafuta nini.

Ombi lake la kibanda alijaza mwenyewe. Hakutaka msaada wa mtu. Jina, kitambulisho, bidhaa, yote sawa. Kufika mwisho simu ikamwambia, "Bonyeza hapa." Akatelezesha kidole. "Bonyeza hapa." Akatelezesha tena. "Bonyeza hapa." Akachagua kimoja, akabonyeza. Simu ikamuuliza kama ana uhakika, na kwa sababu alikuwa na uhakika, akabonyeza tena.

Alikuwa amefuta ombi lake. Maandishi mekundu yalitokea kusema hivyo, lakini simu haikuyasoma, kwa sababu hata hayo yalikuwa kwa orodha na sikuyajaribu. Akasikia kimya, akashukuru Mungu, akaanza kuambia wateja watamkuta soko jipya.

Siku majina yalibandikwa, lake halikuwepo. Akanipigia.

"Baba, wewe unajua hizi vitu. Simu iliniambia bonyeza hapa, bonyeza hapa, nikabonyeza. Nilikosea wapi?"

Woi! Vibanda vingine vilikuwa havijachukuliwa. Ningeenda kwa chama siku hiyo hiyo niseme makosa ni yangu, angepata. Lakini ningepoteza jina, si ndio? Jina langu zuri la mpimaji! Nikamwambia, "Shangazi, pengine ulibonyeza vibaya. Hizi vitu zinataka macho."

Natamani kujitemea mate.

Kibanda hakupata. Sasa anauzia juu ya gunia kando ya barabara ya kwenda Nambale, omena zinakula vumbi la pikipiki, na wale Waganda hawajui aliko. Ile sauti ya simu ameizima. Akitaka kupiga, anaita jirani amtafutie namba. Nilitaka kasuku anyamaze, na amenyamaza.

Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama hapo, nimembebea gorogoro. Mama wa nyanya aliye kando yake akamwambia, "Dada, si uende kwa chama ulalamike? Mimi nasikia hiyo tovuti yao ni mbovu."

Shangazi akakataa na kichwa. "Apana. Hiyo kitu ilipimwa na huyu kijana wangu. Makosa ni yangu mimi mzee."

Alisema akijivunia. Na mimi, na cheti changu, nikatazama chini kama kuku aliyenyeshewa. Hata leo sijamwambia, ndio unaona nakwambia wewe usiyenijua. Mwoga ni mwoga tu.

Kwa hivyo wewe mwenzangu, unayefurahia ile alama ya kijani, funga macho kwanza. Funga kabisa, ushike simu, ujaribu kufika mwisho. Ukishindwa, usiweke sahihi yako chafu. Na ukisikia mtu anauliza kipofu anatafuta nini kwa mtandao, mwambie wangu alikuwa anatafuta mahali pa kuuzia omena.