Kompyuta Juu ya Kabati la Misahafu

Kompyuta ilifika kwetu Palma ikiwa imeviringishwa blanketi na kulazwa kiti cha nyuma, na mke wangu alipoiona garini akasema, "Maskini, mgonjwa wa nani huyu?" Aliyeituma ni mkwe wangu anayefanya kazi Pemba, ule mji mkubwa wa mkoa wetu huku Msumbiji. Ofisini kwao walibadilisha mashine zote, za zamani wakagawiwa wafanyakazi, naye akaona ya kwake ije kwangu, kwa sababu alijua kwamba nyumbani kwangu kuna jambo linasubiri chombo cha namna hiyo.

Jambo lenyewe lilikuwa la binti yangu wa mwisho. Mwenyezi Mungu amemjaalia, ameihifadhi Kurani yote, na akina mama wa mtaa wetu walikuwa wanamtaka awasomeshe. Mwalimu wao wa kwanza aliondoka wakati ule mji uliposhambuliwa na wote tukakimbia, akapata maisha kwingine, hakurudi. Kila Jumamosi walikuwa wakija barazani kwangu kuuliza. Binti yangu anawakaribisha, anawapa chai, ila kwenye kiti cha mwalimu hakai. "Sina ijaza," anawaambia. "Nikikosea mimi, mtakosea nyote."

Mimi ni mwalimu wa madrasa, na ndiye niliyemhifadhisha, lakini sikutaka kumpitisha mwanangu mwenyewe; ijaza, yaani ile idhini ya kusomesha, ilikuwa kwa shehe aliyenisomesha mimi. Yuko Mikindani, ng'ambo ya Ruvuma, na miguu yake haimfikishi tena popote zaidi ya msikitini. Binti yangu alikuwa amemsomea kwa simu juzuu baada ya juzuu. Lakini kwa desturi yetu sikio peke yake halitoi ijaza. Mwalimu lazima auone mdomo: ulimi umegusa wapi, midomo imefunga au imeachana. Na macho ya shehe yalikuwa yanaingia ukungu. Alitueleza bila kuzunguka: "Nikimwona sasa hivi nitampa haki yake. Mkichelewa nitakuwa nampa kwa kubahatisha, na mimi sibahatishi Kurani." Tulijaribu picha ya simu yangu, ambayo kioo cha kamera yake kimekwaruzika kwa kukaa mfukoni na funguo. Shehe akasema anamwona binti kama mtu aliyezama ndani ya maziwa.

Basi ndiyo maana tulilifungua lile blanketi kwa bismillahi.

Kompyuta nilizozizoea mimi ni zile za ofisi za serikali, zenye sanduku kubwa linalonguruma chini ya meza na nyaya kama mizizi. Hii ilikuwa kioo kipana kilichosimama juu ya mguu mmoja, basi. Nilizunguka nyuma, nikarudi mbele.

"Sanduku limebaki garini," nikasema.

"Hakuna sanduku, baba. Kila kitu kimo humo humo nyuma ya kioo."

"Humo ndani? Na mwembamba hivi?"

"Mwembamba lakini mzima."

Binti yangu alikuwa na kijitabu cha maelezo cha Kireno, akawa ananisomea huku mimi napapasa. Napenda kujua kitu kwa vidole. Kitufe cha kuwashia hakikuwa mbele wala nyuma, kilijificha chini ya ukingo wa kulia, unakifikia kama mtu anayetafuta kishikizo cha kanzu gizani. Ubavuni matundu mawili ya kuchomekea vijiti vya kuhifadhia mafaili. Nyuma matundu mengine, moja la waya wa intaneti, moja la kupeleka picha kwenye televisheni. Chini, pale ambapo ungedhani hakuna kitu, kulikuwa na wavu mrefu mwembamba: hapo ndipo sauti inapotokea. Juu mgongoni, mistari ya matundu ya kupumulia. Baobonye yake, ule ubao wa herufi ambao vijana huita teclado, na kipanya chake havikuwa na waya kabisa. Kila sehemu niliyoijua niliisemea alhamdulillahi, mpaka binti akacheka: "Baba, ukishukuru kila tundu hatutamaliza leo."

Betri ndiyo haikuwa nayo. Hilo tulilijua umeme ulipokatika mchana ule ule. Ikazima papo hapo kama mshumaa uliopulizwa. Tulikuwa bado tunatazamana umeme uliporudi.

Kilichonifurahisha zaidi ni kamera. Haikuwa imetoboa kioo kama ya simu. Ilikuwa imezama ndani ya ukingo wa juu. Ukiibonyeza kidogo inachomoza kichwa, ukiisukuma chini inazama tena. Mke wangu alikuwa amekaa mbali na chombo tangu asubuhi, shungi lake limefungwa kama anayekwenda hitimani.

"Hicho kijicho kinaniona?"

"Kikiwa chini hakioni," nikamwambia, nikakizamisha.

Akakingoja kidogo, halafu akalegeza shungi. "Haya. Huyo ana adabu kuliko wageni wako."

Sasa, mkwe wetu alikuwa ametia msahafu ndani ya ile mashine. Ukiiwasha, kabla ya chochote, kioo chote kinajaa ukurasa wa Kurani, herufi kubwa, safi, na pembezoni nakshi za kijani. Nilikuwa nimeiweka sakafuni juu ya mkeka ili niipapase vizuri. Mke wangu akawa wa kwanza kusema.

"Mwalimu, msahafu uko sawa na miguu yetu."

Kwetu msahafu haukai chini, hauwekewi kitu juu, na mtu hanyooshi miguu kuuelekea. Hilo mtoto analijua kabla hajajua alifu. Kwa hiyo hatukujadili. Tuliinyanyua mashine, mimi upande huu, binti upande ule, tukaipandisha juu ya kabati, pale pale penye misahafu yetu, sehemu iliyo juu kuliko zote ndani ya nyumba. Mke wangu akaleta kitambaa chake cha kufuma akaifunika mgongo. Tulirudi nyuma kuitazama. Ilipendeza kweli.

Siku ya kusomea ilikuwa Alhamisi baada ya alasiri. Binti yangu alivaa baibui jipya, akaketi kwenye mkeka kwa adabu, kichwa kimeinuka kuelekea juu ya kabati. Kule Mikindani mjukuu wa shehe aliunganisha simu na televisheni yao kubwa. Nilipanda juu ya kiti, nikachomoza kamera, na uso wa shehe ukatokea, ndevu nyeupe, mikono juu ya fimbo.

"Asalaam alaikum, kijana," akaniambia. Mimi nina wajukuu, lakini kwake nitakuwa kijana mpaka nife.

"Waalaikum salaam, shehe. Unatuona?"

"Naona boriti."

"Boriti?"

"Boriti na mabati. Boriti zako zimenyooka, mashallah. Fundi ni nani?"

Nilijaribu kuiinamisha mashine. Hapo nikajifunza jambo lingine: shingo yake huegemea nyuma vizuri sana, lakini kuinama mbele huinama kidogo tu, kama mzee mwenye maumivu ya mgongo. Nilipoisukuma, shehe akaona ncha ya shungi la binti yangu, halafu boriti tena. Na mgongo wake ulikuwa wa moto. Kitambaa cha kufuma kilikuwa kimeziba matundu yote ya kupumulia, nikakivuta kabla haijatuzimikia.

"Kwani mmeniweka wapi?" shehe akauliza.

"Juu ya kabati, shehe. Pamoja na misahafu."

"Kwa nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, uso hauna tabasamu, kama anavyosikiliza swali la mirathi. Kisha akasema, "Kurani ikiwa imefunguka kiooni, iheshimuni kama mlivyofanya, mmefanya vizuri. Ikifungwa, hicho ni kioo na bati. Sasa hivi kioo chenu kimejaa mimi. Niteremsheni, mimi si msahafu."

Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Tulimteremsha shehe kwa bismillahi ile ile tuliyompandishia, tukiuchunga waya wa umeme usichomoke, tukamweka juu ya meza ya cherehani, na binti yangu akaketi kwenye kigoda mbele yake. Sasa uso wake ulijaa kwenye televisheni ya Mikindani. Shehe akasogea karibu na kioo chake. "Aa," akasema polepole. "Ndiye huyu. Umefanana na bibi yako. Soma, mwanangu."

Akasoma juzuu ya mwisho. Mimi nilikaa pembeni, mikono magotini, na mke wangu akasimama mlangoni kuzuia watu. Nyumba ya jirani walikuwa wanatwanga mahindi, majogoo wao wanashindana. Sikujali. Nilikuwa nautazama uso wa shehe, maana nimeusoma uso ule ujana wangu wote. Mwanzo ulikuwa umetulia. Baadaye ukaanza kukunjamana. Binti alipofika sura ya mwisho, ile ambayo karibu kila aya inamalizikia kwenye neno Nasi, shehe akainua mkono.

"Ghuna iko wapi?"

Ghuna ni ile sauti ya puani. Herufi nuni ikiwa na shada, yaani alama ya mkazo, huipiti haraka. Unaizuia, unaiacha ivume puani kidogo, ndipo unaendelea. Na sura ile imejaa nuni za namna hiyo.

Binti akarudia. Mimi niliisikia ikivuma vizuri, imetimia.

"Unaikata," shehe akasema. "Inaanza, halafu kimya. Kwenye simu ulikuwa unavuta. Leo una haraka ya kwenda wapi?"

Akarudia tena. Shehe akatikisa kichwa. "Midomo yako naiona, ni sawa. Sikio langu linakataa. Nisiposikia siwezi kutoa."

Macho ya binti yangu yakajaa maji. Hakubisha, maana mwalimu habishiwi, lakini aligeuka akanitazama, na mwanao akikutazama vile unatamani ungekuwa wewe mwenye kusoma. Nikawaza, siwezi kumwambia shehe wangu kwamba sikio lake limezeeka. Wala siwezi kumwambia binti avute zaidi ya haki ya herufi.

Shehe naye, nadhani kwa kumwonea huruma, akaanza mazungumzo mengine. "Nyumba yenu imetulia sana. Hamfugi hata kuku?"

Wakati huo huo jogoo wa jirani alikuwa amepanda dirishani kwetu anawika kwa nguvu zake zote.

"Shehe," nikasema, "husikii jogoo?"

"Jogoo gani?"

"Wala mchi? Wanatwanga hapa ukutani."

"Nasikia wewe tu, kijana."

Nikainuka. Nilikumbuka vitundu viwili vidogo sana ambavyo vidole vyangu viliviona, kimoja mbele karibu na kamera, kimoja mgongoni. Nilidhani ni vya misumari. Nikamwambia binti alete kijitabu. Akafunua, akasoma kimoyomoyo, kisha akasoma kwa sauti, akitafsiri: vile ni vipokea sauti. Cha mbele kinamsikiliza msemaji, cha nyuma kinazisikiliza kelele za nyumba, na mashine inazitoa zile kelele, inabakisha maneno. Sauti yoyote inayovuma mfululizo bila kubadilika, kama ya feni au ya jenereta, inaihesabu kuwa kelele.

Tukatazamana.

"Baba," akasema, "imeitoa ghuna."

"Imeitia kwenye kundi la majogoo," nikasema.

Nilimweleza shehe. Hakukasirika; alionekana kama mtu aliyeletewa mas-ala mapya katika uzee na akafurahi kwamba bado yapo. "Chombo kinachosafisha Kurani," akasema. "Mwambieni ghuna si taka. Inafungika hiyo kazi yake?"

Inafungika. Binti aliitafuta, ukurasa baada ya ukurasa wa Kireno, mkono mmoja unafuta macho na mwingine unasogeza kipanya, akaipata, akaizima.

Shehe akaruka kitini. "Subhanallah! Kumbe mnaishi sokoni!"

Sasa alisikia kila kitu: mchi, majogoo, pikipiki inayopita, hata mke wangu mlangoni akimwambia mtu, "Hawapo, njoo kesho." Binti yangu akarudi kwenye kigoda. Akavuta pumzi, akaanza sura ile ya mwisho katikati ya makelele yetu yote. Na kila alipofika kwenye nuni, ikavuma. Shehe alifumba macho, akayafumbua akatazama midomo, akayafumba tena. Alipomaliza, shehe aligongagonga sakafu kwa fimbo yake, taratibu.

"Rudia aya ya mwisho," akasema. "Si kwa kosa. Nataka kuiona tena."

Akairudia. Shehe akaweka fimbo kando, akainua mikono miwili, akamtajia kwa Kiarabu mnyororo wa walimu mmoja baada ya mwingine, kila mmoja aliyemwona aliyemtangulia akisoma, mpaka akalifikia jina langu, na baada ya jina langu akalitaja la binti yangu. Mimi sikuweza kumwangalia mtu. Mke wangu ndiye aliyepiga kigelegele, kikapenya vitundu vyote viwili, na kule Mikindani shehe akaziba masikio huku anacheka.

Jumamosi akina mama walikuja kama kawaida yao, na safari hii kiti cha mwalimu kilikuwa na mtu. Hakuwasha mashine. Aliwaketisha nusu duara, akasema kila mmoja asome sura fupi moja ili ajue amwanzishie wapi. Wote wakaona haya, wakasukumana. Mke wangu, ambaye ameisoma Kurani tangu kabla sijamuoa, akajitolea kuwatoa aibu. Akasoma kwa sauti yake nzuri, harakaharaka, kama anavyosoma miaka yote akiwa jikoni.

Binti yangu alimwinamia kidogo, akiutazama mdomo wake.

"Mama," akasema kwa upole, "hiyo nuni ngojea. Usiipite."

Mke wangu akageuka akanitafuta barazani kwa jicho kali, kana kwamba mimi ndiye niliyemsahihisha. Nikajishughulisha na kanda za viatu vyangu. Halafu nikamsikia akirekebisha shungi, akakohoa, akaanza upya, polepole.