Parachuti Iliyokwenda Hadado kwa Lori

Niliondoka Nairobi kwa sababu ya chai. Najua sababu hii inachekesha, na mimi mwenyewe ningeicheka kama isingekuwa imenipotezea rafiki.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa fundi wa kukunja parachuti katika klabu ndogo ya warukaji, kwenye uwanja wa ndege wa vumbi nje ya jiji. Mimi sijawahi kuruka. Hata nikipanda ngazi kubadilisha balbu, mke wangu hulazimika kushika ngazi, kunishika mimi na kuniombea. Kazi yangu ilikuwa ya chini: kukunja, na kulinda uwanja wa kutua. Nilipewa filimbi ya kuvaa shingoni. Mbuzi wa majirani wakiingia uwanjani, nipulize na kuwafukuza kabla warukaji hawajashuka.

Kila Jumamosi walipanda saba. Wa saba alikuwa Yusuf, mwalimu wa hesabu, mzaliwa wa Hadado, kule Wajir. Alikuja na chupa yake ya chai yenye iliki na tangawizi, akaiacha kibandani, na wote wakishatua tulikaa chini tukainywa pamoja. Jumamosi ile sikuwangoja. Nilisikia ndege ikiwa bado juu, nikasema nina dakika mbili, nikaenda kibandani kuonja kikombe kimoja. Niliporudi, mbuzi wamejaa uwanjani, Yusuf amebakiza kama urefu wa mnazi afike chini, na parachuti yake imefunguka vizuri kabisa. Aliwaona mbuzi. Akavuta kamba kwa nguvu ageuke asiwaangukie, naye alikuwa chini mno kwa mgeuko wa namna ile. Alipiga ardhi kwa ubavu, akafa kabla hatujamfikia.

Alizikwa siku ileile huko Nairobi, kama dini yake inavyotaka, na mama yake hakuwahi kumwona. Baada ya miezi miwili, wakaguzi walipomaliza na ile parachuti, ujumbe ukaja kutoka kwa mama huyo: nileteeni hicho kitambaa, na aliyekikunja aje nacho. Kule Hadado walikuwa wakiamini kwamba mwavuli ulikataa kufunguka. Klabuni hakuna aliyejua kwamba niliacha zamu. Walidhani mbuzi walinizidi mbio. Kwa hiyo nilikuwa na mambo mawili begani, parachuti na ule ukweli, na moja tu kati ya hayo lilikuwa na mikanda ya kubebea.

Mwingi, saa nne asubuhi. Basi lilisimama ili abiria wapate kula. Hapa ni kwetu Ukambani, na mwenye hoteli ananifahamu tangu nikiwa na meno ya utotoni. Aliniletea chai bila kuagizwa. Nikamwambia nimeacha. Aliuliza kama nimeokoka. Nikasema hapana. Akauliza kama ni tumbo. Nikasema hapana. Tangu siku ya Yusuf sikuwa nimeweza kuimeza, ndio ukweli, lakini hayo si ya kumwambia mtu mbele ya maandazi. Basi likaondoka yeye akiwa bado mlangoni, anatikisa kichwa.

Daraja la Tana, alasiri. Kabla ya kuingia Garissa tuliteremshwa kwa ukaguzi, kila mtu na mzigo wake. Askari aliutazama mzigo wangu, akauliza ni nini. Nikasema ni parachuti. Akaniuliza kama nilipanga kushuka basi likiwa linatembea. Abiria wakacheka, na kondakta, aliyekuwa na haraka, akajitolea kusaidia.

"Ngoja nikufungulie, afande," akasema, akashika mshikio mwekundu akauvuta.

Mshikio mwekundu ni wa parachuti ya akiba, ile ndogo ya pili ya kutumiwa kubwa ikikataa. Ndani yake mna springi kubwa, kazi yake ni kurusha kitambaa nje kwa nguvu mtu akiwa anaanguka. Springi haijui kama unaanguka au umesimama darajani. Iliruka, ikampita kondakta sikioni, na nguo ya rangi ya chungwa ikafuata. Siku zile barabara za huko zilikuwa na majambazi, na watu walikuwa wepesi wa kulala chini. Basi zima lililala chini. Kondakta alikuwa wa mwisho kuinuka, na alipoinuka kofia yake ilikuwa mikononi mwa mwanamke mmoja aliyeuliza kwa upole kama kuna kitu kingine angependa kusaidia.

Parachuti ya akiba haikunjwi barabarani. Nikaisokomeza kwenye gunia la sukari, nikaingia Garissa nikiwa na gunia linalochungulia kwa rangi ya chungwa.

Garissa, sokoni. Alinipokea baba mdogo wa Yusuf, dalali wa mifugo, ambaye kwa Kisomali wote humwita Adeer Bare. Ni mtu mrefu mwenye ndevu zilizopakwa hina, na salamu zake huchukua muda: afya yangu, ya watoto, ya mvua, ya mifugo ambayo sina. Kisha ikaja chai ya maziwa, nyeupe na tamu. Nikasema samahani, sinywi.

Dalali mmoja aliyekuwa akipapasa nundu ya ng'ombe aliacha kupapasa.

"Wewe mgonjwa?" akauliza Adeer Bare.

"Hapana, mzee."

"Tumekukosea?"

"Hapana, mzee. Ni nadhiri."

Hilo walilielewa, nikaletewa maji. Lakini kabla ya jua kushuka, soko lote lilijua kwamba amekuja Mkamba mwenye gunia la kitambaa cha angani na nadhiri ya kutokunywa chai. Watu walikuja kunitazama. Mmoja alinishika mkono akaniombea dua ya kupona.

Adeer Bare aliniweka kwenye lori la sukari na magodoro linalokwenda Wajir. "Bole sana kwa safari," alisema, akiwa tayari ameweka mkono kifuani. "Mama Yusuf ni mtu ya maneno kidogo. Akikuuliza, jibu. Usizunguke."

Njiani, siku mbili. Malori yalikwenda kwa msafara, mbele askari na nyuma askari, sisi katikati juu ya magodoro. Ukiondoa vumbi, jua na woga, sijawahi kusafiri kwa raha hivyo. Modogashe tulibadilisha gurudumu, Habaswein tukalibadilisha tena. Kila kituo kulikuwa na chai, na kila kituo nilikuwa na nadhiri. Dereva alikata shauri kwamba mimi ni mtakatifu wa aina fulani, akaanza kuniuliza kuhusu hali ya injini.

Katika siku hizo mbili nilitunga maneno ya kumwambia mama. Nilitunga hotuba tatu, na zote zilikuwa nzuri. Katika ya kwanza upepo ndio uliokosa. Katika ya pili majirani ndio waliokosa. Katika ya tatu mbuzi wenyewe. Mimi sikuonekana hata katika moja.

Hadado, asubuhi ya siku ya nne. Nilifika na gari la maji kutoka Wajir. Alinilaki Habiba, dada yake Yusuf, muuguzi wa zahanati, mwenye Kiswahili safi na macho ya kaka yake kabisa, jambo ambalo halikunisaidia. Mama Yusuf alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba, mwembamba, ameshika tasbihi. Kiswahili chake alikipata kwa miaka mingi ya kuuza maziwa sokoni Wajir.

Hakuniuliza safari. Alisema, "Fungua."

Nilitandaza parachuti zote mbili juu ya mikeka. Majirani walisogea, lakini hakuna aliyegusa. Mama alipiga magoti. Maisha yake yote amefunga nyumba ya kuhamahama juu ya ngamia na kuifungua, na alikijua kitambaa na kamba kuliko wakaguzi wote wa Nairobi. Alipitisha kila mshono kati ya vidole vyake. Alivuta kila kamba, akaitafuna ncha moja, akaitemea mate, akavuta tena. Ilichukua muda mrefu sana, nami nilisimama juani bila kofia, nikiwa sijui mikono niiweke wapi.

"Hakuna tundu," akasema mwishowe. "Kamba iko sawa. Ni wewe ulikunja?"

"Ni mimi, mama."

"Ilifunguka?"

"Ilifunguka vizuri."

Majirani wakanong'ona maashallah. Mmoja akanipigapiga begani. Hapo ndipo ningeweza kukunja vitu vyangu nikarudi nyumbani nikiwa fundi hodari, na nakiri nilianza kuinama nikusanye kitambaa.

"Sasa kama ilifunguka," akauliza, "mtoto yangu alikufa na nini?"

"Kulikuwa na mbuzi uwanjani, mama. Aligeuka asiwaangukie."

Habiba akafunika mdomo kwa shungi lake.

"Mbusi moja ilikufa?" akauliza Mama.

"Hakuna hata mmoja aliyekufa."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa jambo analolijua. Baba yake Yusuf, alisema, angefanya hivyohivyo. Kisha akauliza swali ambalo Nairobi nzima, na wakaguzi wake na mafaili yao, hakuna aliyeliuliza kwa namna ile.

"Nani alikuwa anachunga?"

Hotuba zangu tatu zilitoweka. Kwa mfugaji, mbuzi akiwa mahali asipotakiwa, hakuna upepo wala jirani wala mbuzi mwenyewe. Kuna mchungaji tu.

"Ni mimi," nikasema. "Niliacha uwanja. Nilikwenda kunywa chai."

Nilitamani Mama anipige. Nilikuwa nimelia mara nyingi peke yangu, lakini pale mbele ya watu ndipo nilipolia kwa sauti, ile filimbi ambayo sikuwa nimeivua tangu Nairobi ikinicheza kifuani.

Mama alipangusa mikono yake kwenye nguo yake. "Siku yake ilikuwa imeandikwa," alisema. "Mimi sitabigana na Mungu." Akanitazama. "Lakini chai ni wewe ulikunywa."

"Ndiyo, mama."

"Chai ya nani?"

"Ya Yusuf."

"Ile ya iliki?"

"Na tangawizi."

"Mimi nilimfundisha." Akafikiri kidogo. "Ilikuwa nzuri?"

Sikujua jibu gani lilikuwa la adabu. "Nzuri sana, mama," nikasema, na Mama Yusuf akacheka. Alicheka hadi kicheko kikageuka kilio, Habiba akamkumbatia, na wote wawili wakawa wanacheka na kulia, mimi nikiwa katikati ya kitambaa cha rangi ya chungwa.

Alipotulia alitoa hukumu. "Nimesamehe," alisema. "Na kesho utachunga."

Hadado, siku iliyofuata. Nilikabidhiwa mbuzi thelathini na wanne, weupe wote, na Habiba kama msimamizi, kwa kuwa zahanati ilikuwa imefungwa siku hiyo. Nilianza kwa kupuliza filimbi. Mbuzi waliniangalia kwa heshima, wakaendelea kula. Nilipuliza tena, mmoja akaja karibu, akala kamba ya filimbi.

"Sasa wameshakujua," Habiba akasema.

Aliniambia nisitazame mbuzi mmojammoja, nitazame ukingo wa kundi. Na nisikae chini. Nikitaka kwenda haja nimwambie mtu kwanza, anijibu kwa mdomo kwamba ameona, ndipo niende. Adhuhuri miguu ilikuwa inawaka na nilikuwa nimejifunza matusi manne ya Kisomali yanayoeleweka na mbuzi. Habiba alinisimulia kwamba Yusuf alipokuwa mdogo aliwahi kupoteza mbuzi mmoja, akakataa kula mpaka alipopatikana. Alinisimulia akiwa anatazama ukingo wa kundi, hakugeuka hata mara moja.

Jioni tulirudi zizini. Mama alikuwa na birika motoni, na harufu ya iliki ilinifikia kabla ya moshi. Nilikwenda moja kwa moja mkekani nikaketi, kwani nilikuwa nimekwisha.

"Hesabu kwanza," akasema Mama. "Chai baadaye."

Nikainuka, nikasimama kwenye mlango wa zizi la miiba, nikagusa kila mgongo. Thelathini na tatu. Nikahesabu tena. Thelathini na tatu. Nikamtazama Mama, naye akalitazama birika. Nilirudi njia ileile na Habiba, nikamkuta mbuzi wangu amekwama pembe kwenye kichaka, anatafuna kilichobaki cha kamba ya filimbi. Nilimbeba mabegani hadi nyumbani, ijapokuwa alikuwa na miguu yake minne.

Ndipo nikapewa chai. Mama alinimiminia mwenyewe, akanitazama hadi nikameza. Ilikuwa ya Yusuf kabisa.

Kurudi. Mama alibaki na parachuti kubwa. Nilipoondoka ilikuwa tayari imefungwa juu ya paa la nyumba yake kuzuia vumbi, kwa mafundo ambayo mimi nisingeweza kuyafungua. Ile ya akiba alinirudishia. Alisema bado ina kazi. Garissa, Adeer Bare aliniletea chai kwa kujaribu tu, nikaimaliza, na soko likashangilia dua yao kujibiwa. Darajani nilimkuta kondakta yuleyule. Alinikaribisha ndani ya basi akiwa ameweka mikono yote miwili mifukoni.

Klabuni niliwaita wote nikawaambia kuhusu ile chai. Wawili hawakusema nami kwa wiki kadhaa, na walikuwa na haki. Mmoja, fundi mwenzangu, aliondoka, hakurudi. Waliobaki walinirudisha uwanjani, lakini kwa masharti niliyokuja nayo mimi mwenyewe: walinzi wawili, hakuna kukaa, hakuna kuondoka mpaka mwenzako ajibu kwa mdomo kwamba ameona. Hayo ndiyo niliyojifunza huko, na sikuyapata katika kitabu chochote cha warukaji.

Jumamosi ya kwanza waliporuka tena, nilisimama ukingoni na chupa ya chai miguuni, haijafunguliwa. Walishuka mmoja baada ya mwingine. Nilikwenda kwa kila mmoja nikamgusa mgongo. Nilihesabu hadi sita. Nikangoja kidogo, kwa mazoea, nikitazama juu.

Kisha nikamimina.