Mwizi wa Ukuta wa Nyuma

Mvua ya kwanza ikigusa ukuta wa udongo, ile harufu inayopanda hunirudisha kwenye mwaka ambao niliamini, kwa moyo wangu wote na wa kuazima, kwamba jirani yetu alikuwa anatuibia nyumba. Sisemi vyombo vya ndani. Nasema nyumba yenyewe, konzi moja moja, hata masika yakianza itakuwa imesimama uwanjani kwake, nasi tumebaki tumekaa kwenye mikeka, mbingu ndiyo paa.

Msinicheke mapema. Habari hiyo niliipata kwa binamu yangu Saidi, aliyekuwa darasa la tatu, na mtu wa darasa la tatu siku hizo kwangu alikuwa sawasawa na mkuu wa mkoa. Tena zilikuwa zama za kuhamahama. Watu wa vitongoji vyote walikuwa wameletwa kwenye kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Kang'ata, na kwa macho yangu nilikuwa nimeona milango, maboriti na mapaa yakisafiri juu ya lori. Kama paa linahama, ukuta ungeshindwa nini?

Kila mwaka kabla ya masika baba alikuwa na kazi yake. Alizibua mtaro wa kuzunguka nyumba ili maji yasilambe msingi, akapaka nguzo oili chafu kuwafukuza mchwa, kisha akaleta udongo wa kichuguu. Tuliukanyaga pamoja na maji na kinyesi cha ng'ombe mpaka ukalainika kama donge la maandazi, ndipo mama akausiriba ukutani. Udongo wa kichuguu ukishakauka, hata tembo angeomba njia nyingine.

Mwaka huo ukuta wa nyuma, ule unaopigwa na mvua, haukumaliza wiki tangu usiribwe. Pakatokea shimo kama kikombe. Baba akasema ni mchwa, akamwaga majivu. Baada ya siku mbili shimo likawa sufuria. Akapaka oili chafu. Shimo likahamia pembeni, pasipo na oili. Kwa vipimo vyangu vya wakati ule, ng'ombe wawili wangelala humo na ndama wao. Baba akachuchumaa, akapitisha vidole kwenye mikwaruzo.

"Mchwa gani huyu ana kucha?" akauliza.

Macho yetu yakaenda kwa Mzee Kandido, jirani wa nyuma. Alikuja toka Songea akiwa kijana kukata mkonge Korogwe, akachoka na mkonge, akaishia kwetu. Viganja vyake vilikuwa vipana kama sahani za pilau. Hakuwa Mzigua kama sisi, hakuwa na ukoo pale kijijini, na hapo ndipo Saidi alipojengea kesi yake: ukuta wa mzee yule ulikuwa na wekundu uleule wa wetu. Kwamba kijiji kizima tulichimba kichuguu kimoja, hilo halikutupitia kichwani.

Nikajifanya mpelelezi. Nikimwamkia shikamoo, macho yangu yanakagua vumbi kwenye suruali yake. Adhuhuri moja nikamkuta amesimama kwenye pembe ya nyumba yetu, anatazama upande wa nyuma. Aliponiona alishtuka, akaondoka upesi hata marahaba asiitikie. Nilitaka ushahidi gani tena? Nikakimbia kwa baba nikaeleza nilichokiona, na kwa kuwa kilikuwa kidogo, nikaongeza debe la udongo ambalo sikuliona.

Baba akampeleka Mzee Kandido kwa balozi wa nyumba kumi. Alikuwa na sababu ya kuhangaika. Mvua ilibakiza siku chache, ukuta ule ukianguka ungevuta paa lote, na nyasi za kuezekea zilikuwa zimekwisha.

"Bwana Kandido, ukuta wangu unakwenda kwako," baba alisema.

"Unakuja kufanya nini, Baba Athumani? Kuniamkia?"

Watu wakacheka. Baba hakucheka.

"Mwanangu amekuona na debe."

Mzee Kandido akanitazama, kisha akatazama walikokaa wanawake. Mama alikuwa kati yao, upindo wa kanga mdomoni.

"Mikwaruzo ipo pale," balozi akasema. "Lete mkono, mzee wangu, tuupime. Ukizidi au ukipungua, umepona."

Mzee Kandido akatia mikono yote miwili mifukoni.

"Hakuna haja," akasema. "Nitausiriba mimi."

Saidi akanipiga kiwiko cha mbavu. Tumemshika!

Alisiriba siku tatu, peke yake. Mama tu ndiye aliyempelekea maji ya kunywa, nami nikamwona mama kama msaliti wa taifa. Na kweli, tangu siku ile hakuna aliyeukwaruza ukuta tena, jambo lililothibitisha kila kitu. Masika yakaja kwa ghadhabu, nyumba za wenzetu zikamomonyoka, yetu ikasimama. Katikati ya mwaka mdogo wangu Zaina akazaliwa. Baba hakupokea salamu ya Mzee Kandido hata mara moja. Baada ya mavuno mzee akafunga mizigo yake, akarudi Korogwe kwenye mkonge aliokuwa ameukimbia, na kijiji kikasema: mnaona, aibu imemwondoa.

Nimeisimulia hadithi hii miaka mingi, na kila nikiisimulia inanenepa. Nilikuwa nimeshapata cheti changu cha masomo ya usiku, mtu mzima mwenye kitambi, siku nilipokuwa nasiriba nyumba ya mama huku nikiwasimulia wajukuu zake walionizunguka. Debe lilikuwa limeshakuwa toroli. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Mama akasubiri wamalize. Aliyoyasema nayaandika kwa maneno yake, maana yangu huwa yanavimba.

"Athumani, hakuna aliyetuibia. Huo ukuta nilikuwa naula mimi. Nilikuwa na mimba ya Zaina, na mbili kabla yake zilikuwa zimetoka, sikutaka mtu ajue mapema, hata baba yako. Mzee Kandido alinikuta nina udongo mdomoni. Akaninyamazia."