Muuza Vipodozi wa Mabibo

Muuza vipodozi wa Mabibo hafugi kucha. Nusaiba, aliyekuwa akijiandaa na harusi, aliliona hilo kabla hata hajaisikia sauti yake nzito isiyo na haraka. Kila mteja akiulizia asidi ya glaikoli, ile ya kung'arisha uso, muuzaji humgusa nyuma ya sikio kwa ncha ya kidole. "Ijaribu hapa kwanza. Usoni ni usiku, kidogo, tena siyo kila siku. Asubuhi usitoke bila sanskrini, krimu ya kukinga jua." Anayetaka achanganyiwe mkorogo wa kujichubua huambiwa bila ukali, "Mie sipiki pilau, mama."

Nusaiba alinunua chupa ya asidi hiyo. Haikupita wiki, akarudi nayo uso ukimwaka moto, naye anatabasamu. Alikuwa akiipaka kila usiku, na kila jioni shangazi yake akimsugua singo ya harusi, ule unga wa liwa na manukato, mpaka usoni. "Inachoma, dada. Si ndiyo inafanya kazi?" Muuzaji hakucheka. Alimsuuza kwa maji ya baridi, akampaka losheni isiyo na manukato, akaizuia ile chupa. "Ngozi inalia, we unasema inaimba. Singo iishie shingoni, uso tuuache upoe."

Siku ya harusi, muuzaji ndiye aliyekuja kumpamba. Shangazi alimkagua bi harusi, akakunja uso. "Mbona mweusi vilevile?" Muuzaji aliweka brashi chini, akanyoosha mgongo. "Mlinipa mweusi, nimewarudishia mweusi. Hebu mguse." Shangazi alimgusa shavu, na vidole vyake vikasahau kurudi.