Redio Niliyomfanya Shangazi Awapelekee Kuku

Nilikosa, na sina wa kumsingizia. Nawaambia nyinyi msionijua kwa sababu wanaonijua wameshanicheka vya kutosha.

Nafanya kazi kwenye maabara ya shule moja hapa Kitale. Naosha vioo, napanga chupa, nafuta meza. Si kazi ya kuitwa daktari. Lakini nina ukurasa mtandaoni ninapoweka habari za sayansi, na huko, bana, watu walikuwa wananiita Dokta. Sikuwakataza.

Siku moja nikakuta utafiti wa watu wa mbali uliosema kuku wakichezewa muziki hutaga zaidi. Nikauandika kwa Kiswahili, nikaongeza chumvi kidogo na picha ya jogoo aliyevaa hedifoni. Haijatokea niandike kitu kikasambaa namna ile. Hadi watu wa Lwakhakha, kule mpakani, walikuwa wanatumiana. Mwalimu mkuu, ambaye miaka yote alikuwa ananiita "wewe wa maabara", akanisalimia kwa jina.

Senge, ndivyo kwetu tunavyomwita shangazi, dada ya baba, ndiye aliyenilea kule Bokoli. Akanipigia simu.

"Mwanangu, hii maneno ya kuku ni kweli?"

"Senge, hiyo ni sayansi."

"Basi wacha niwapelekee redio."

Wiki kadhaa baadaye nikaona tangazo: jarida lililochapisha ule utafiti limeuondoa. Kumbe kuku waliochezewa muziki walikuwa wa umri mdogo kuliko wale wengine, na kuku ambaye hajazeeka atataga tu, hata umwimbie nyimbo za matanga.

Nililisoma mara mbili, halafu nikaweka simu mfukoni. Nikajiambia, si ni redio tu, itamdhuru nani? Ukweli ni kwamba sikutaka kuacha kuwa Dokta.

Sasa, Senge alikuwa na kuku kumi aliowatunza kwa ajili ya Jumamosi moja. Wageni wa binti yake Nasimiyu, watu wa Misikhu, walikuwa wanakuja kuposa. Kwetu mgeni wa namna hiyo hapakuliwi maharagwe.

Alhamisi mchana Senge alikuwa shambani akipalilia. Siku zote kuku wakipiga kelele kidogo tu, yeye huyo ameshafika na jembe. Siku hiyo redio ilikuwa inapiga rumba kwa sauti ya juu, hakusikia kitu. Nguchiro wakaingia bandani na kufanya kazi yao bila haraka. Senge aliporudi kunywa maji alikuta manyoya, rumba inaendelea, na kuku mmoja juu ya boriti, hataki kushuka.

Nilifika Ijumaa. Nilidhani atanifokea. Aliniwekea kiti, akaniuliza polepole:

"Ulijua?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini Nasimiyu alikuwa amesimama mlangoni, macho yamevimba, ananitazama.

"Nilijua, Senge. Wenyewe waliuondoa ule utafiti."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Basi kesho utawaeleza wageni wewe mwenyewe kwa nini wanakula maharagwe."

Jumamosi nikasimama mbele ya wazee wa Misikhu, upawa mkononi, nikaeleza yote. Halafu mjomba wa bwana harusi akatoa simu yake, akaisogeza karibu na macho, akanionyesha.

"Huyu jogoo ni wako?"

"Ni wangu, mzee."

Akamgeukia mke wake. "Pigia watu wa nyumbani. Waambie watoe redio kwa kuku sasa hivi."

Wazee walicheka mpaka wakashika mbavu. Senge naye akacheka, na posa ikapokelewa. Nasimiyu peke yake hakucheka. Mpaka leo akinipigia ni "Sasa", anauliza alichotaka kuuliza, anakata.

Jumapili niliandika masahihisho. Waliyapenda watu wanne, mmoja wao mimi. Ule uongo bado unazunguka, siwezi kuukimbiza.

Kwa hivyo wewe unayesambaza vitu, ukija kujua si kweli, sema siku hiyohiyo. Usingoje uone kama kuna mtu ataumia. Mtandaoni watakucheka siku mbili wasahau. Lakini kumpakulia mkwe wa dada yako maharagwe, na yeye anakutazama, hiyo nimeshindwa kuisahau.